Fundi, redio hii ya mtumba itakubali kwenye Fielder yangu?

Swali: Habari ya kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kibaha. Nina Corolla Fielder ya mwaka 2009 iliyotoka Japani. Redio yake ya CD ilianza kukatakata na sasa imezima kabisa. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, muuzaji akanionyesha redio mbili za mtumba. Ya kwanza ni ya Toyota yenyewe, ina skrini kubwa na ramani, na juu ya karatasi yake imeandikwa NSZT-W62G. Ya pili ni Pioneer ya skrini, anasema imetoka Dubai. Ile ya Toyota aliiwasha palepale nikasikia Clouds vizuri sana. Anasema zote mbili zinaingia bila shida. Nijuaje ipi itakubali kabla sijatoa pesa?

Jibu: Mwalimu, nzuri. Hapo ulipoandika kwamba uliisikia Clouds vizuri ndipo nilipoona nikujibu kwa kirefu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotoa pesa kisha wanarudi wakilalamika.

Clouds kwa Dar es Salaam iko 88.5. Wasafi iko 88.9. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani inasoma FM kuanzia 76 hadi 90, kwa hiyo vituo hivyo viwili vinaingia bila taabu na muuzaji wala hajakudanganya. Sasa mwombe akutafutie EFM, 93.7, au Times, 100.5. Utaona namba zinapanda, 89.8, 89.9, 90.0, kisha zinaruka na kuanza upya 76.0. Redio haijaharibika. Ndivyo ilivyozaliwa. Kule Japani eneo la 90 hadi 108 lilikuwa la televisheni ya zamani, chaneli namba 1 hadi 3, mpaka walipozima mitambo ya analojia tarehe 24 Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi. Baadaye waliongeza FM yao ikafika 95, ndiyo maana redio zao za miaka ya karibuni zinavuka 90 kidogo. Ila hata hizo nyingi hazifiki 100, achilia mbali 108. Sisi huku vituo vyetu vinaanzia 87.5 mpaka 108.

Muuzaji atakwambia kuna kidude cha kuongeza masafa, kinachomekwa kati ya antena na redio. Ni kweli kipo, nami nimefunga vingi. Lakini elewa kinachofanya: hakiipanui redio, kinavishusha vituo. Kikiwa cha kushusha 14, EFM ya 93.7 utaisikia redio ikiwa inaonyesha 79.7, na Times utaikuta 86.5. Dirisha la redio bado ni lile lile la 76 hadi 90, kwa hiyo kilichozidi 104 huku kwetu hakipati nafasi, na Clouds uliyoisikia dukani inashuka hadi 74.5, nje ya dirisha upande wa chini. Tena ukiwa karibu na mitambo, kituo chenye nguvu hupenya bila kushushwa: 88.5 inakuja moja kwa moja na kukaa juu ya kituo cha 102.5 kilichoshushwa kufika palepale. Unasikia watu wawili wakiongea kwa pamoja. Kwa mtu ambaye redio ya asili ya gari lake bado nzima na anataka kuongeza vituo viwili vitatu, kidude hicho kinamfaa. Kwa mtu anayetoa pesa leo kununua redio nyingine, sioni sababu ya kununua tatizo pamoja na dawa yake.

Hilo peke yake linatosha kunifanya niiweke kando hiyo NSZT-W62G. Lakini ina mambo mengine mawili ambayo nataka uyajue, kwa sababu redio za aina hii zimejaa sokoni.

Soma jina lake hivi: herufi ya pili inakueleza ramani inakaa wapi. S ni kadi ya SD, H ni diski ngumu, D ni DVD. W ni umbo pana, nitalieleza chini, na namba inayofuata inakwenda na mwaka, kwa hiyo W62 ni ya 2012. Kama ni ya SD, fungua sehemu ya kadi uangalie. Kadi ikiwa haipo, na mara nyingi huwa imechomolewa huko ilikotoka au imepotea bandarini, skrini inabaki na maandishi ya Kijapani yanayodai kadi na haikufikishi mbele. Usidhani utanunua kadi tupu dukani ukaichomeka. Inataka kadi yake ya ramani.

La pili ni kufuli. Redio nyingi za ramani za Toyota za Kijapani zinaweza kuwekewa ulinzi dhidi ya wizi. Ulinzi huo umelala tu, huuoni, mpaka siku umeme wa betri ukatike. Ukirudi, skrini inatoa neno ERC na mfululizo wa herufi na namba 16, halafu inasubiri nenosiri. Wenye magari wengi wameletewa janga hili na kitu kidogo kama kubadilisha betri. Kwa redio ya mtumba kipimo chake ni rahisi: mwambie muuzaji achomoe soketi zote, mkae dakika kadhaa, kisha aichomeke tena mbele yako. Ikiwaka bila kuuliza kitu, haina kufuli. Akikataa kuichomoa, umeshapata jibu. Fanya hivyo pia kwa Pioneer, kwa kuwa baadhi ya skrini zao nazo huwekewa nenosiri na mmiliki wa kwanza.

Kuhusu televisheni iliyomo humo ndani, isahau. Japani wanatumia mfumo wa ISDB-T na Tanzania tunatumia DVB-T2, hazisikilizani. Ramani ni ya Japani tupu. Menyu ni za Kijapani, na DVD halali iliyotolewa kwa Afrika ni ya kanda ya dunia namba 5 wakati mashine ya Japani inacheza kanda namba 2. Na yule mama anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari, watu wengi wanafikiri ni redio, kumbe mara nyingi ni kiboksi cha kulipia barabara za Japani kinacholalamika kwamba hakina kadi. Hicho unaweza kukichomoa bila kugusa redio.

Tuje kwenye tundu la dashibodi. Toyota wa Japani, na Daihatsu pamoja nao, wanatumia tundu la upana wa milimita 200 na kimo cha 100. Hiyo ndiyo W ya kwenye jina. Nissan, Honda, Mazda na redio nyingi za dukani kama hiyo Pioneer ni za milimita 178 hadi 180 kwa kimo kile kile cha 100. Kwa hiyo kwenye Fielder yako, ile ya Toyota itakaa kama ilivyotoka kiwandani, na Pioneer itaacha uwazi wa kama sentimita moja kila upande. Uwazi huo unazibwa na vipande viwili vya plastiki vya pembeni vinavyouzwa hapohapo Gerezani. Hakikisha umevinunua, maana fundi asiyekuwa navyo atakuzibia kwa gundi au sponji, na redio itatikisika kila ukipita barabara mbovu. Kinyume chake hakina tiba: redio ya milimita 200 haiingii kwenye Nissan mpaka mtu achonge dashibodi, na dashibodi iliyochongwa hairudi. Kagua pia urefu wa kwenda ndani. Skrini yenye sehemu ya DVD ni ndefu kuliko ya CD au ile isiyo na diski kabisa, na nyuma yake zinahitaji kupita soketi, waya wa antena na waya wa USB. Pima redio yako ya zamani kwa rula ulinganishe.

Sasa nyaya. Hapa nakuomba usome taratibu, na ikibidi mwonyeshe fundi wako.

Nyuma ya redio ya Fielder kuna soketi mbili za msingi: moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Ya pini 10 inabeba umeme na spika za mbele, ya pini 6 inabeba spika za nyuma. Pioneer ina soketi yake tofauti kabisa, na mkia wake wa nyaya una rangi ambazo kampuni nyingi za redio za dukani zimekubaliana: njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni umeme unaokuja ukifungua swichi, nyeusi ni hasi. Halafu kuna jozi nne za spika: nyeupe ya mbele kushoto, kijivu ya mbele kulia, kijani ya nyuma kushoto, zambarau ya nyuma kulia.

Toyota hawafuati rangi hizo hata kidogo. Kwao umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, umeme wa swichi ni waya wa kijivu, hasi ni kahawia. Njano na nyeusi za Toyota ni spika ya nyuma kushoto. Nyekundu na nyeupe ni spika ya nyuma kulia. Umeona hatari iko wapi? Kijivu ya redio ni spika, kijivu ya gari ni volti 12. Mtu akiunga rangi kwa rangi, siku ya kwanza akizungusha ufunguo volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye njia ya spika ya redio. Niliwahi kuletewa redio iliyoungwa hivyo na mwenye gari mwenyewe, kijana makini aliyekuwa ametumia jioni nzima kupanga rangi zake vizuri na kuzifunga tepu kwa usafi. Harufu ya kuungua ilikuwa bado imo ndani ya kasha. Chipu ya sauti ilikuwa imekwisha. Iliniuma, kwa sababu alikosea kwa kufuata akili ya kawaida.

Dawa yake ni ndogo: nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota, ile inayochomekwa kwenye pini 10 na pini 6 za gari bila kukata waya wowote. Fundi anaunga mkia wa Pioneer kwenye mkia wa soketi hiyo juu ya meza, kwa kazi ya kila waya badala ya rangi yake, kisha anachomeka. Fundi akitoa kisu au koleo kukata soketi za gari lako, mwambie kwa heshima asubiri. Soketi nzima ndiyo itakayokuwezesha kesho kurudisha redio ya Toyota au kumuuzia mtu gari bila kumwachia fumbo.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kununua Pioneer ya mtumba ni hili: ije na mkia wake. Soketi za nyuma za Pioneer hazifanani toleo hadi toleo, na kutafuta mkia peke yake kunaweza kukuzungusha Kariakoo nzima. Iwe pia na waya wake wa USB kama unatoka nyuma, na maikrofoni yake. Skrini nyingi za Pioneer hazina maikrofoni ndani, inachomekwa nyuma kwa waya. Bila hiyo Bluetooth itacheza muziki, ila ukipigiwa simu utamsikia mwenzio na yeye hatakusikia.

Nikiona redio isiyo na mkia kabisa, nyaya zimekatwa karibu na kasha kwa mkato mmoja, siiulizi bei. Redio iliyofunguliwa na fundi hutoka na soketi yake. Iliyokatwa kwa haraka usiku hutoka hivyo. Mwalimu, tafadhali usinunue ya namna hiyo hata ikiwa nafuu kiasi gani. Kuna mtu aliamka asubuhi akakuta kioo chake kimevunjwa, na ukikutwa na mali yake utakuwa na maelezo magumu kituo cha polisi. Dai risiti yenye jina la duka na namba ya redio.

Dubai nayo inapokea mitumba kutoka kila upande wa dunia, kwa hiyo neno "imetoka Dubai" halikuhakikishii masafa. Redio ya soko la Ghuba inakwenda mpaka 108 kama zetu. Lakini huweza kuwa ya Marekani. Hizo zinafika 108 vizuri, ila zinaruka kwa hatua za 0.2 na zinasimama kwenye namba witiri tu: 88.5, 88.7, 88.9. Kwa vituo vya Dar nilivyokutajia hutagundua tofauti, vyote ni witiri. Siku utakayokwenda Mwanza ukatafute Radio Free Africa kwenye 89.8, utapata 89.7 na 89.9 tu, na sauti itakwaruza. Baadhi zina menyu ya kubadilisha eneo, mwombe muuzaji aifungue. Jaribio lenyewe ni la sekunde 20: pandisha masafa kwa mkono, uone kama inapita 93.7 na 93.8 zote, kisha ifike mpaka 107.9.

Mambo mengine ya kwenye gari lako ni madogo lakini yanaudhi. Antena ya Toyota nyingi ina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme kutoka kwenye redio. Waya huo kwa Pioneer ni wa bluu, au bluu wenye mstari mweupe, na fundi akiusahau utasikia FM inakwaruza ukitoka mjini, ulaumu redio bure. Kama usukani wako una vitufe vya sauti, uliza kama hiyo Pioneer ina tundu la rimoti ya waya. Ikiwa nalo, kipo kifaa cha kuiunganisha na vitufe. Isipokuwa nalo, vitufe vitabaki pambo. Na kama gari lilikuja na kamera ya nyuma ya Toyota yenyewe, mwambie fundi asiipe volti 12. Kamera nyingi za asili za Toyota zinatumia volti 6, na nimeshaona zikifa siku ileile redio mpya ilipofungwa.

Wapo watakaosoma hapa wana magari mengine, niwaguse kwa ufupi. Fuso, Isuzu na malori mengi ni volti 24, redio ya gari dogo itaungua humo papo hapo. Magari yenye amplifaya ya kiwandani, kama yenye nembo ya JBL kwenye spika, yanaweza kuwaka redio bila sauti kutoka, mpaka waya wa kuamsha amplifaya uungwe. Honda na magari ya Ulaya mara nyingi yanadai namba ya siri baada ya umeme kukatika, kwa hiyo nunua redio pamoja na namba yake ya siri imeandikwa. Volkswagen wamebadilishana nafasi za umeme wa kudumu na wa swichi kwenye soketi, ndiyo maana redio ngeni humo inasahau vituo kila ukizima gari.

Kwa hiyo, Mwalimu, mimi ningechukua Pioneer, kwa masharti: masafa yafike 107.9 bila kuruka, isiulize nenosiri baada ya kuchomolewa, mkia na maikrofoni viwepo, na skrini iitikie kidole kwenye pembe zote nne, maana mguso wa skrini za mtumba huanza kufa pembeni. Unganisha simu yako wewe kwa Bluetooth, usikubali ya muuzaji. Washa balansi ya kushoto na kulia, mbele na nyuma, usikie spika zote nne moja moja. Na ikiwezekana nenda na Fielder yenyewe, uijaribu ikiwa imeunganishwa nje ya dashibodi kabla ya kulipa. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakunyima nusu saa.

Ila kabla ya safari ya Kariakoo, fanya jambo moja nyumbani. Umesema redio ilianza kwa kukatakata. Redio iliyoungua mara nyingi huzima ghafla. Inayokatakata mara nyingi ina soketi iliyolegea, hasi mbovu au fyuzi isiyoshika vizuri. Kagua fyuzi ya ACC ndani ya gari na zile za chini ya boneti zilizoandikwa RAD au DOME. Kisha mwite fundi mwenye mita avute redio nje na kupima waya wa bluu wenye mstari wa njano, ambao lazima uwe na volti 12 muda wote, na wa kijivu, ambao lazima uzipate ukifungua swichi, yote mawili kwa kulinganisha na wa kahawia. Umeme ukiwa haufiki, hata Pioneer mpya kabisa haitawaka humo, na huenda redio yako ya zamani haina kosa lolote.